Povu Chini ya Bati

Nyumba ya nyasi ya Bibi ilianguka upande mmoja, taratibu, kama mtu anayeegemea ukuta ili apumzike. Mvua za Machi zilikuwa zimelainisha udongo wa kuta zake. Bibi mwenyewe alikuwa nje anaanika muhogo. Aliigeukia, akaitazama mpaka vumbi likatulia, akasema, "Haya, umechoka, lala." Kisha akachukua mkeka wake na kinu chake akahamia kwa mama yangu, bintiye.

Nyumba ya mama iko uani hapo hapo, Mnyambe, juu ya uwanda wa Newala. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba ile aliijenga kwa tofali za kuchoma, chumba baada ya chumba, akaiezeka kwa bati. Kwetu bati lina kazi mbili. Huku juu hakuna mto wala chemchemi; maji ya kuchota yako chini kabisa, mabondeni, na anayeyafuata huipoteza asubuhi nzima njiani. Basi sisi tunakunywa kutoka paani. Ukingoni mwa bati kuna mfereji, mfereji unaingia kwenye bomba, na bomba linaishia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Mvua ya msimu mmoja ndiyo tunayoishi nayo mpaka msimu mwingine. Ndiyo maana hata Bibi, aliyeipenda sana nyumba yake, hakudai ijengwe tena. Nyasi haziwezi kumpa mtu maji. Zinayanywa zenyewe.

Lakini Oktoba ilipofika, tukakumbuka kwamba bati halileti maji peke yake.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na riwaya iliyofika katikati ikakataa kwenda mbele. Niliamini hewa ya nyumbani ingeisukuma. Hewa ya Newala ni nzuri kweli; upepo unapita juu ya mikorosho na kukukuta shingoni kama mkono wa mtu aliyetoka kunawa. Ila upepo ule ulikuwa nje. Ndani, ilipofika saa saba mchana, bati lilianza kugonga lenyewe, pa, pa, likijinyoosha kwa jua, na joto likashuka juu yetu kama kitu chenye uzito. Hatukuwa na dari. Ukilala chali uliyaona mabati yenyewe, na ungeapa kwamba nayo yanakuona. Feni ya mama, umeme ulipokuwepo, ilichukua joto la juu na kutuletea chini.

Siku moja mama alirudi kutoka shuleni akamkuta Bibi amekaa sakafuni, midomo imekauka, akimwita mama kwa jina la marehemu dada yake. Tukampeleka zahanati. Tabibu alimpima presha, akapima tena, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mama huyu asikae tena kwenye joto la mchana. Apate chumba chenye ubaridi, alisema, vinginevyo mtakuja kunitafuta siku ambayo sitakuwa na la kufanya.

Habari zilimfikia mjomba, kaka yake mama, mfanyabiashara wa Masasi mwenye nyumba yenye dari, feni na madirisha ya vioo. Alipanda na gari siku iliyofuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunichukua."

"Nimekuja kukusalimu."

"Anayekuja kusalimu hatembei na godoro ndani ya gari."

Mjomba akacheka kwa aibu. Godoro lilionekana kweli kupitia kioo cha nyuma, jipya, bado limo kwenye nailoni yake. Alikuwa amepanga kumlaza mama yake juu yake njia nzima, asirukeruke kwenye mashimo.

"Masasi nitatazama nini?" Bibi akaendelea. "Mawe? Yale mawe yenu yanaota jua mchana kutwa, jioni ndiyo yanaanza kuwatemea joto. Na baba yenu nani atamfagilia?" Kaburi la babu liko nyuma ya mikorosho, na Bibi hulifagia kila Ijumaa kabla hajanywa chai.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Nilimwona anavyojizuia. Hakutaka mama yake aende, lakini pia alikuwa ameyasikia maneno ya tabibu.

"Basi tufanye hivi," mjomba akasema. "Mpaka mvua zianze. Mkiweza kukipoza chumba, abaki. Mkishindwa, nakuja na godoro langu, na safari hiyo sitaki maneno."

Bibi alifikiri. Kisha akanigeukia mimi, mjukuu wake, ambaye tangu nizaliwe ananiita mume kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

"Mume wangu, umesikia. Umesoma wewe. Nipoze."

*

Nilishuka Masasi bila kujua ninatafuta nini. Simu ilikuwa imenieleza kwamba watu wa nchi za baridi huziba nyumba zao kwa povu gumu ili joto lisitoke, na kwamba povu lile lile linaweza kuzuia joto lisiingie. Hilo lilinishangaza kwanza: kitu kimoja, ukuta mmoja, na hakijali jua liko upande gani. Lakini nilitaka kukishika kwa mkono. Nikaulizauliza mjini mpaka nikaelekezwa kwa fundi wa friji mwenye kibanda karibu na soko, chini ya mlima wa mawe.

Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye maneno mengi kuliko vifaa. Nje ya kibanda chake palikuwa na friji zilizokufa, zimepangwa kama wagonjwa wanaongoja daktari. Nilipomweleza shida yangu alichukua msumeno, akaukata mlango wa mojawapo mbele yangu, bila kuniuliza.

"Watu wanadhani friji ni ile mota inayonguruma," alisema. "Umeme ukikatika, nyama yako inalindwa na nini? Mota imelala! Inalindwa na huu."

Mlango ulikuwa na unene wa kiganja, na ndani yake, kati ya bati jembamba na plastiki, ulijaa kitu cha njano kama keki. Alinimegea kipande. Nilitegemea uzito, nikakosa. Mkono wangu ulipanda juu wenyewe. Nikakielekeza kwenye jua na kukitazama kwa karibu. Vilikuwa vijumba. Vijumba vidogo visivyo na idadi, kila kimoja kimejifungia hewa yake, hakina mlango wala dirisha, jirani hamjui jirani. Nilikaa na kipande kile mkononi muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu kwenye kibanda cha mtu. Maisha yangu yote nilidhani kinachozuia joto lazima kiwe kizito kama ukuta wa boma. Kumbe karibu chote kilikuwa hewa, hewa ya kawaida tu, iliyokatazwa kutembea.

"Kiweke shavuni," fundi akasema.

Nikakiweka. Kilikuwa cha moto.

"Kina joto."

"Hakina. Hilo ni la kwako. Linatoka shavuni, linakosa njia, linarudi."

Nilimwomba vipande vya kila aina aliyonayo. Nikaondoka na ile njano ya friji. Na povu jeupe la punje punje, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Na sponji ya godoro. Duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa jirani lilinikatia kipande cha nne, povu laini jembamba kama mkeka, lenye uso unaong'aa kama fedha, ambalo mafundi hulitandaza chini ya mabati. Fundi naye akapandwa na hamu. Akafunga kibanda, akasema anakuja kuiona hiyo nyumba yenyewe.

Kufika tu Mnyambe, hata maji hajanywa, alisimama uani akalitazama paa, akatoa hukumu yake.

"Hili dawa yake ni kupuliza kwa nje. Kuna watu Dar wana mashine. Wanapuliza povu juu ya bati zima, linavimba, linaganda, paa linavaa koti. Jua halilioni tena bati."

Bibi alikuwa kivulini, anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. "Nani huyu?"

"Fundi, Bibi. Kutoka Masasi."

"Ndiyo maana. Kwao wanafungua bomba." Akamwelekezea kisu, kwa upole. "Baba, hilo koti lako mvua ikilinyeshea, maji yanakwenda wapi?"

Fundi akaufuata mfereji kwa macho, akalifuata bomba, akafika kisimani. Akajikuna kichwa.

"Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba. Sasa umefika. Kaa ule."

*

Tulifanya mashindano. Sina jina lingine la kulipa jambo lile. Kulikuwa na bati moja lililobaki tangu mama alipoezeka, limeegeshwa nyuma ya jiko. Tulilipandisha juu ya tofali tulizozipanga vyumba vyumba, kama nyumba ya kupanga ya panya, tukabandika chini ya bati kila povu kwenye chumba chake, chumba kimoja tukakiacha na bati tupu. Kwa jirani nikanunua barafu za ubuyu, zile za vifuko, nikalaza moja kila chumba. Jua la saa sita lilikuwa limekaa sawasawa juu yetu. Bibi akaomba kiti kiletwe karibu.

"Anayeshindwa namnywa," alisema.

Ya bati tupu ilianza kulegea upesi hata tukaona aibu kwa niaba yake. Bibi akaitoboa kwa jino, akainywa. Ya sponji ikafuata. Sponji ina matundu, lakini matundu yake yote yameshikana mikono, hewa inatembea humo kama watu mnadani. Ile ya uso wa fedha ilitupa fundisho. Tulikuwa tumeigandamiza kwenye bati, na ikapokea joto lote kama shoga anayepokea umbea. Fundi akaishusha, akaacha nafasi ya vidole kati yake na bati, tukaweka barafu nyingine, na safari hii ikawa kitu tofauti kabisa. Uso ule ulilirudisha jua lilikotoka. Nilipeleka mkono pale katikati, kwenye ile nafasi: juu moto, chini shwari. Upana wa vidole tu, na ndani yake mchana na jioni.

Nyeupe ilidumu. Njano ilidumu kuliko zote. Barafu yake ilipotoka, kona zake zilikuwa bado zinakwaruza. Bibi alikuwa ameshiba ubuyu kufikia hapo, akanitunukia hiyo ya mwisho.

Tulizijaribu na kwa moto pia, maana mama alisisitiza, naye anajua watoto wa shule wanavyochezea viberiti. Sponji iliwaka mara moja, kwa moshi mweusi uliotufukuza wote uani. Nyeupe ilijikunja, ikayeyuka, ikadondosha matone yanayowaka. Njano iliungua ikawa mkaa kwa nje. Mama akatazama yale matone mpaka yakazimika yenyewe mchangani.

"Hakuna kati ya hivi kitakacholala juu ya kichwa cha mama yangu bila kufunikwa," alisema.

Ndivyo tulivyofikia uamuzi. Njano nzuri, lakini ya friji inavunjika ukiitoa, na mpya yake, inayouzwa kwa mbao bapa, ilikuwa ghali kuliko mfuko wetu. Sponji tukampa paka. Tukachagua nyeupe, nene, iliyobanwa vizuri. Juu yake ile ya fedha, ikiachiwa nafasi yake chini ya bati. Na chini kabisa dari ya jipsamu, moto usifike. Jiko letu liko nje, peke yake, jambo ambalo kabla ya hapo sikuwahi kulishukuru.

Mbao za povu zilikuja na basi kutoka Dar mpaka Masasi. Kutoka pale tulizipandisha Newala kwa bodaboda, mzigo mpana kuliko barabara na mwepesi kuliko abiria. Kwenye mlima, upepo wa uwanda ulipotupokea, pikipiki ilianza kwenda upande.

"Bosi," dereva akanipigia kelele bila kugeuka, "huu mzigo unataka kurudi Dar!"

Niliukumbatia kwa mgongo, kwa mabega, karibu kwa meno. Chini yetu bonde lilikuwa limelala kwenye ukungu wa jua, na mawe ya Masasi yamesimama mbali kama tembo walioambiwa wasitikisike. Nilikuwa nimebeba shehena ya hewa, ninapanda nayo mlima, na hewa nyingine inanigombania.

*

Kazi ilituchukua muda, maana hatukuishia chumba cha Bibi; tuliliziba paa la nyumba nzima. Punje nyeupe zilitapakaa uani, kuku wakazidonoa na kuzitema kwa hasira. Fundi aliziba kila upenyo kwa povu la kopo, lile linalotoka kama maziwa na kuvimba kama mandazi, likamganda vidoleni asiweze kula ugali kwa wiki nzima bila kijiko. Bibi alimcheka mpaka akatokwa na machozi.

Kisha likaja lile jua la saa saba, na mimi nikaingia chumbani kwa Bibi peke yangu.

Nilijua kingekuwa na ubaridi. Nilikuwa nimeona barafu, nimesoma, nimebeba. Bado sikuwa tayari. Bati halikugonga. Hewa ilikuwa imetulia, nyepesi, na ubaridi wa alfajiri ulikuwa bado umo, kana kwamba asubuhi ilipita nyumbani kwetu ikasahau shuka lake. Nilipandisha mkono kuelekea dari, nikingoja lile joto linalokukamata kifundo cha mkono. Hakuna kitu kilichokuja. Juu ya mkono wangu, kwa unene wa kitabu, jua zima la Oktoba lilikuwa linasukuma, na vijumba vyenye hewa vilikuwa vimelizuia bila sauti, bila mota, bila kutumia chochote. Nilihisi ile hali inayonipata mara chache nikiwa naandika, sentensi inapokuja yenyewe, na mtu anaogopa kupumua asiifukuze.

Mama alimwingiza Bibi akimshika mkono. Macho ya Bibi yana ukungu siku hizi. Alisimama katikati. Akageuza uso huku na huku.

"Nani amezima jua?" aliuliza.

Jioni ile nilimpa kipande kilichobaki, nikamwambia akiweke shavuni.

"Kina moto!"

"Ni wa kwako Bibi. Unatoka kwako, unakosa njia, unarudi."

Alikaa nacho shavuni, akitabasamu uso mzima. "Umesikia, mume wangu? Kumbe bado ninao."

*

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtu analijua.

Kuanzia Juni mikorosho hupulizwa salfa ili isishikwe na ukungu, na vumbi lake la njano husafiri na upepo, hulala juu ya mabati ya nyumba zote. Juu yake yanakuja majani, na vumbi la barabara, na ndege. Kwa hiyo mvua ya kwanza hainywewi. Kiangazi chote bomba linachomolewa kisimani na kuelekezwa uani, ili paa lioshwe kwanza. Paa likishasafika, mtu anakimbia kuligeuza bomba. Ukiligeuza mapema, mtakunywa salfa mwaka mzima. Ukichelewa, unatazama maji safi yakimwagika kwenye mchanga, na mchanga wa Newala haurudishi kitu.

Nyumbani kwetu anayetoa amri ya kugeuza ni Bibi. Hata alipokuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ya nyasi, alilala kitandani na kulisikiliza bati la mama ng'ambo ya uwanja. Anasema bati chafu linanong'ona, na bati safi linaimba. Akisikia limeanza kuimba, anaita, na mwenye miguu anakimbia. Maji yetu hayajawahi kunuka salfa.

Mvua ya kwanza ilikuja Jumapili mchana. Mama alikuwa amelala. Bibi alikuwa amelala, usingizi mzito wa mtu ambaye hatimaye mwili wake umepata mahali. Mimi nilikuwa mezani, riwaya imeanza kutembea. Nilisikia kitu kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Nikafikiri ni upepo kwenye mikorosho, nikaendelea kuandika.

Nilipofungua mlango, uwanja ulikuwa mto. Bomba lilikuwa linamwaga uani maji meupe kama kioo. Paa lilikuwa limeshasafika zamani. Niliruka nikaligeuza kuelekea kisimani, na pale pale, kana kwamba ilikuwa inaningoja, mvua ikakatika. Yakashuka matone machache. Nikayasikia yanavyogonga saruji kavu chini.

Bibi alikuwa amekaa kitandani nilipoingia nimelowa.

"Imenyesha?"

"Imenyesha, Bibi."

"Hapa? Na mimi nimo ndani?"

Tulikuwa tumepima joto, tumepima moto, tumewaza panya na mchwa. Hakuna aliyewaza sauti. Vile vijumba havikuzuia jua peke yake. Vilikuwa vimeimeza mvua.

Akamwita mama. "Mpigie kaka yako simu. Mwambie aje."

"Mama, kwa nini? Chumba si kimepoa?"

"Kimepoa. Chumba kizuri, Mungu awabariki. Lakini mimi macho yangu yameshaniaga, nimebaki na masikio. Kama mvua inapita juu ya kichwa changu siisikii, hapa na Masasi ni pamoja. Huko angalau kuna bomba."

Mama alilia jikoni, akijifanya ni moshi. Mimi nilimwambia Bibi tutoe povu upande wa kichwani kwake. Fundi, ambaye nilimpigia simu na akapanda siku ile ile, akasema tukitoa huo upande tu, joto litaingia hapo na kukaa chumba kizima. Alisema kwa huzuni, na bila maneno mengi, nikajua ni kweli. Bibi akaanza kufunga khanga zake kwenye kifurushi.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya jiko, amepapasa ukuta mpaka huko na fimbo yake. Alikuwa amesimama mbele ya lile bati la mashindano, lililoegeshwa mahali pake pa zamani, bado lina alama za gundi. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia, sauti kali, inayotetema.

"Hili mmelivalisha nini?"

"Hakuna kitu, Bibi. Liko uchi."

Akaligonga tena, akainamisha kichwa.

"Lileteni dirishani kwangu."

Fundi alichimbia miti minne nje ya dirisha lake, akalilaza bati juu. Bibi alisimamia. Mteremko uwe ule ule wa paa, alisema, na fundi akaupima. Nilipochukua kitambaa nilifute, alinizuia kwa fimbo.

"Acha! Liwe chafu kama wenzake. Ukilisafisha, litanidanganya."

*

Mjomba alikawia wiki mbili, vumbi likalala tena juu ya mabati na bomba tukalirudisha uani, akafika siku ya mawingu. Gari likazimwa uani, godoro likiwa nyuma, lile lile. Aliingia chumbani kumchukua mama yake, akasimama ghafla, akatazama dari, akatazama kona zote.

"Mmeweka mashine?"

"Tumeweka hewa, mjomba," nikasema.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kifurushi miguuni, uso umeelekea dirishani.

"Mama, twende kabla haijanyesha. Ule mlima ukilowa—"

"Kaa kwanza."

"Mama."

"Kaa, mwanangu. Nimekuzaa, huwezi kuniharakisha."

Akakaa. Mimi nikatoka, nikasimama kwenye bomba. Fundi alikuwa chini ya ukingo wa paa, mikono kifuani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Harufu ya udongo ikaja kwanza. Kisha tone moja likagonga lile bati la dirishani, tang, na nikaona kupitia dirisha kichwa cha Bibi kikiinuka.

Ikashuka yote. Bomba mikononi mwangu lilitetemeka, likamwaga maji ya rangi ya chai miguuni mwangu. Mpaka leo sijui kama sauti ya bati hubadilika kweli. Nilikaza masikio yangu ya chuo, nikasikia mvua tu, kelele moja pana isiyo na mwanzo. Maji yalikuwa yananiosha macho. Nyumba yote nyuma yake ilikuwa kimya, paa zima limefunga mdomo, na kibati kile kimoja kilikuwa kinasema kwa niaba ya wote.

"Bado!" sauti ya Bibi ikatoka dirishani.

Maji yakawa mepesi kidogo. Kwangu mimi yalikuwa safi. Nikaanza kuliinua bomba.

"Bado, mume wangu! Usiniaibishe mbele ya mwanangu!"

Mama alicheka mahali fulani ndani, au alilia. Mjomba alikuwa amesogea dirishani, amesimama nyuma ya mama yake, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande ule ule wa kichwa chake, kama mtoto anayefundishwa.

Kisha Bibi akasema, si kwa kelele, karibu kama anajiambia, na bado nilimsikia juu ya mvua ile yote:

"Linaimba. Geuza."

Niligeuza. Maji yaliingia kisimani, yakafika chini, na saruji ikaitikia kwa sauti nzito ya chombo kitupu kinachoanza kushiba. Nikakaa chini, pale pale kwenye matope, nikiisikiliza.

Mjomba alitoka nje bila mwavuli, akaja kuchungulia kisimani, akakinga kiganja kwenye bomba, akayanywa. Alibaki amesimama, shati limemganda mgongoni. Dirishani Bibi alikuwa ametoa mkono nje, vidole vimelala juu ya ukingo wa kile kibati, vinalowa.

"Hilo godoro," alimwita mwanawe, "lilete ndani kabla halijalowa. La kwangu limeshakuwa jembamba."

Mjomba akatazama gari, akatazama mkono ule. Kisha akafungua mlango wa nyuma, na mimi nikainuka kumshika upande wa pili.